Catherine Kasavuli: Msichana wa Miaka 18 Aliyeingia VoK na Akageuka Malkia wa Taarifa

Kama ulizaliwa Busia ama Malaba baada ya 1995, kuna uwezekano jina Kasavuli ulilisikia kwa mathe kabla hujamwona kwa TV. Kwetu, mtoto akianza kuongea Kizungu cha kunyoosha mbele ya wageni, alikuwa anaambiwa, "Haya Kasavuli, taarifa imeisha, leta chai." Nilidhani ni jina la utani. Nilikuwa darasa la tano hivi wakati nilijua ni mtu, ako na sura, na sura yenyewe iko kwa skrini.

Sasa hii ndiyo stori yake kutoka mwanzo, juu naona wengi wenu mnamjua tu kwa zile picha zilizosambaa Desemba 2022 akiwa ameshaaga. Huyu mama alifanya kazi miaka mingi kabla ya hizo picha, na kazi yenyewe iligusa hata sisi wa huku mpakani, kilomita zaidi ya 400 kutoka studio alizokuwa anaketi.

Alianza aje?

Catherine Kasavuli alizaliwa 1962. Kwao ni Vihiga, na hiyo si mbali na sisi: matatu ya Kisumu ukiipanda Busia unapita Bumala, Ugunja, Yala, alafu unaingia Luanda, na hapo tayari uko ndani ya Vihiga. Yaani ni mtu wa kwetu, na wazee wa huku walikuwa wanajipiga kifua wakimwona.

Mwaka wa 1980 aliajiriwa Sauti ya Kenya, ile ilikuwa inaitwa VoK kabla ibadilishwe jina kuwa KBC mwaka wa 1989. Alikuwa na miaka 18 tu. Fikiria wewe na 18 ulikuwa unafanya nini. Alianza na redio, akiwa yule mtu wa kuunganisha vipindi: hiki kimeisha, kinachofuata ni hiki, saa ni saa fulani. Inakaa kazi rahisi lakini ndiyo inakufunza kupumua vizuri, kutamka jina la mtu bila kuliua, na kutulia wakati kipindi kinachofaa kuingia hakijaingia. Miaka kama mitano hivi ya redio ndiyo ilimtoa ushamba wa mikrofoni, alafu katikati ya miaka ya 80 akahamishiwa TV kusoma taarifa ya Kizungu.

Mahali kwenyewe hapakuwa pa mchezo. Alikuwa amemaliza kama miaka miwili hivi kazini wakati wanajeshi wa angani walijaribu kupindua serikali tarehe 1 Agosti 1982. Waliruka VoK pia, na Leonard Mambo Mbotela akatolewa kwake akalazimishwa kutangaza kwamba serikali imeanguka. Jaribio lilikufa siku hiyo hiyo. Lakini mtu yeyote aliyekuwa anashika mikrofoni hapo alijua sasa kwamba hiyo meza inaweza kukuletea bunduki.

Na taarifa zenyewe zilikuwa na mpangilio mmoja. Stori ya kwanza ni Mtukufu Rais Daniel arap Moi. Amefungua shule, amekanyaga kanisa, amepokea mgeni, haijalishi, ndiyo ya kwanza. Msomaji hakuwa na la kusema. Maneno yalikuwa yamepigwa chapa kwa karatasi, kazi yako ni kuyatoa mdomoni ukiwa umenyooka. Ndiyo maana sipendi wale hukuja mtandaoni kusema watangazaji wa kitambo walikuwa "vipaza sauti vya serikali" na kuishia hapo. Kulikuwa na shirika moja nchi nzima. Ungesoma wapi kwingine?

Huku mpakani taarifa ilikuwa kitu kingine

Hapa nataka nikae kidogo, juu hii sehemu huwa haiandikwi.

Mtu wa Nairobi akisikia taarifa miaka hiyo alikuwa anapata habari za mbali. Mtu wa Busia alikuwa anapata habari za dirisha lake, zikiwa zimezunguka hadi Nairobi na kurudi zimevalishwa suti. Desemba 1987, risasi zilipigwa hapa Busia kati ya askari wa Kenya na wa Uganda, na mpaka ukafungwa. Moi na Museveni walikuwa hawaelewani. Wazee wetu waliokuwa wanauza samaki, wanavusha sukari, wana shemeji upande ule, wote walikwama. Sisemi ni Kasavuli aliyesoma hiyo stori, hilo siwezi kukuapia. Ninachosema ni kwamba wakati huo yeye na wenzake wa VoK ndio walikuwa sauti moja tu ya upande wetu, na upande ule kulikuwa na redio na TV ya Uganda ikisema yake. Mpakani, mawimbi hayaonyeshi pasi. Ukizungusha antena kidogo unasikia serikali ya pili. Watu wa Busia na Malaba walijifunza mapema kwamba stori moja inaweza kusomwa na watu wawili waliovaa vizuri na ikatoka tofauti kabisa.

TV zenyewe zilikuwa chache, nyeusi na nyeupe, zikinyonya betri ya gari. Mwenye TV alikuwa na wageni kila jioni awatake asiwatake. Saa moja ni taarifa ya Kiswahili, saa tatu ni ya Kizungu, na mpangilio huo haujabadilika sana hadi leo. Ya Kiswahili ilikuwa ya nyumba nzima, wakati wa kina Badi Muhsin. Ya Kizungu, watoto walikuwa wamelala, wakibaki mwalimu, karani wa forodha, na mtu aliyekuwa anataka aonekane amesoma. Lakini mathe anasema hata wale hawakuwa wanashika Kizungu vizuri walikuwa wanabaki wakimwangalia Kasavuli. Msichana wa Vihiga, ameketi mbele ya nchi, hapepesi macho. Hiyo peke yake ilitosha.

(Na tukiwa hapo: wakati nchi inatuletea habari, sisi tuliipa nchi neno. Boda boda ilianzia hapa Busia, vijana wa baiskeli wakivusha watu kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine, wakiita "border, border". Ukisikia mtangazaji anasema boda boda kwa taarifa, jua hapo tumechangia.)

KTN, 1990

Mwezi wa Machi 1990 KTN ikafunguliwa, na mtu nyuma yake alikuwa Jared Kangwana. Kwa mara ya kwanza Mkenya alikuwa na stesheni ya pili. Kasavuli akavuka. Anatajwa hadi leo kama mwanamke wa kwanza kusoma taarifa mubashara kwa TV hapa Kenya, na ni KTN alipolifanya hilo jina.

Angalia vile mwaka wenyewe ulikuwa. Februari hiyo waziri Robert Ouko alikuwa ameuawa, nchi imetulia kwa ile namna ya kuogopa. Julai ikaja Saba Saba, watu wakapigwa barabarani wakidai vyama vingi. Desemba 1991 kifungu cha 2A kikatolewa kwa katiba. Mtu anayesoma taarifa mubashara katika miezi kama hiyo hana nafasi ya kusema "tukate, turudie". Ukiteleza, umeteleza mbele ya serikali. Kangwana mwenyewe alikuja kuteta na wakubwa hadi stesheni ikatoka mikononi mwake, na mwishoni mwa miaka ya 90 KTN ikawa ya kampuni ya Standard.

Wengine waliokuwa wanasoma pale ni kama Raphael Tuju, yule baadaye alikuwa mbunge wa Rarieda na waziri. Lakini kwa nyumba nyingi sura ya KTN ilikuwa Kasavuli. Sauti ya chini, haina haraka, haijifanyi ya Marekani. Hii ya mwisho ni ya maana juu siku hizi kuna mtu anasoma taarifa ukidhani anaagiza burger.

Sasa sisi wa huku hatukumpata KTN mara moja. Mwanzoni KTN ilikuwa inashika Nairobi na pembeni yake tu. Busia na Malaba tulibaki na KBC kwa muda, tukisikia tu kwamba Kasavuli "amehamia ile ingine". Mtu akitoka Nairobi na lori la mizigo la kwenda Kampala ndiye alikuwa analeta ripoti: nimemwona, bado yuko fiti. Baadaye mawimbi yakafika magharibi na akarudi sebuleni, sasa hivi kwa TV ya rangi.

Hiyo kazi hufanywa aje hasa?

Naulizwa hii sana na vijana wa hapa, basi wacha niseme. Yule unayemwona kwa meza ni mtu wa mwisho kwa foleni ndefu. Nyuma yake kuna mhariri ameamua stori gani inaanza, mtayarishaji anahesabu sekunde, mtu wa picha, mtu wa sauti, na kule mbali kuna mwandishi amesimama kwa vumbi. Mbele ya kamera kuna kioo kinachopitisha maandishi, ndiyo maana unadhani amekariri. Sikioni ana kidude ambacho mtayarishaji anamwongelesha humo akiwa bado anasoma: picha haijafika, vuta maneno, bado sekunde kumi, ruka hiyo nenda ya nne. Anasoma kitu kimoja akisikia kingine, na uso hausemi. Kasavuli alikuwa bingwa wa hapo. Hukuwahi kujua kama nyuma moto unawaka.

Na yule wa vumbi usimsahau. Mei 2020 wakati wa korona, madereva wa malori walikuwa wanapimwa kabla ya kuvuka, na foleni kutoka Malaba ikajaza barabara makumi ya kilomita. Kila siku saa moja na saa tatu Malaba ilikuwa kwa skrini. Uliona mtangazaji wa Nairobi amepakwa poda akiuliza "hali ikoje huko?" Aliyekuwa anajibu ni msee wa hapa, pengine amekuja na nduthi, amerekodi na simu yake, na waandishi wengi wa mashinani hulipwa kwa stori. Stori isipotumika, hakuna kitu. Mpaka ukiwa shwari, njaa ni yake. Ukinielewa hapo basi utaelewa kwa nini Busia hutokea kwa taarifa ikiwa ni magendo, malori ama mafuriko ya Budalang'i, na mara chache sana kwa kitu kingine.

Kama unataka kuingia, angalia njia aliyopita Kasavuli: redio kwanza. Huku tuko na bahati ya redio za karibu, West FM pale Bungoma, Emuria kwa Ateso, na zingine. Fanya mazoezi hapo, sauti ifunguke. Alafu kuna kadi ya Baraza la Vyombo vya Habari, bila hiyo utafukuzwa kwa matukio ukiitwa mtu wa TikTok.

Lakini usinielewe vibaya. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa, basi stori ya mtu aliyeajiriwa na miaka 18 naisoma na jicho lingine kabisa. Ningependa kukuambia inawezekana vile vile leo. Ukweli ni kwamba 1980 shirika lilikuwa moja, lilikuwa linachukua kijana wa kutoka shule na kumfunza lenyewe. Leo tangazo la kazi linataka digrii, uzoefu wa miaka mitatu, na wafuasi mtandaoni. Mlango aliopitia umefungwa nyuma yake, na si yeye aliyeufunga.

Kutoka mbele ya kamera

Mwaka wa 2007 alihamia Royal Media, wenye Citizen TV, lakini si kwa meza ya taarifa tena. Alikuwa mkuu wa kitengo cha masuala ya kampuni, yaani uhusiano na watu wa nje na jina la kampuni. Kipindi hiki sina mengi, na hata yeye hakuwa anajitangaza. Wasomaji wapya walikuwa wameingia. 2015 akastaafu.

Mwaka huo huo ndio Februari tuliamka TV zimekuwa nyeusi, unakumbuka? Uhamaji wa dijitali. NTV, KTN na Citizen zilizimwa karibu wiki tatu wenyewe wakibishana na serikali. Malaba watu walirudi kwa mambo ya wazee: kutafuta mawimbi ya Uganda. Alafu kila mtu akaambiwa anunue dikoda.

Wakati amenyamaza, kazi aliyoianzisha ilikuwa inakua. Kanze Dena alitoka kwa meza ya Citizen 2018 akaenda Ikulu kuwa msemaji. Mwaka huo huo Lulu Hassan na Rashid Abdalla wakaanza kusoma taarifa pamoja wakiwa bibi na bwana. Leo msichana akisema anataka kusoma taarifa hakuna mtu anashtuka. Mwaka wa 1980 wangeshtuka.

Kurudi KBC

2021, KBC ikijipaka rangi mpya, iliwaita wakongwe warudi. Kasavuli akaketi tena mle alimoanzia, miaka 41 baadaye. Badi Muhsin naye akarudi upande wa Kiswahili. Vijana mtandaoni walicheka kidogo, eti KBC imefungua makavazi. Alafu walisikiliza, kicheko kikaisha. Mathe alinipigia simu usiku huo, hakusalimia, alisema tu, "Weka KBC." Nilikuwa upande wa Uganda kwa rafiki, simu imeshika MTN, nikatafuta kwa intaneti, bando ikaliwa yote. Alikuwa ameketi vile vile. Nywele nyingine, sauti ile ile.

Haikudumu. Badi Muhsin aliaga 2022. Mwaka huo huo Kasavuli akatoka hewani akiwa mgonjwa: saratani ya mlango wa kizazi. Akalazwa Hospitali ya Kenyatta, na Novemba familia ikaomba Wakenya wachange damu. Hapo ndipo wengi wenu mlimjulia, jina lake likipita kwa simu pamoja na ombi la damu. Alifariki tarehe 29 Desemba 2022, akiwa na miaka 60. Januari 2023 akazikwa Vihiga, na watangazaji waliokuja kumzika wengine walikuwa hawajazaliwa alipoanza.

Mathe alilia kama aliyefiwa na dada. Nilimuuliza kama aliwahi kukutana naye. Akaniangalia vibaya. "Alikuwa anakuja hapa kila siku saa tatu."

Wiki hiyo hiyo aliniuliza swali ambalo sikutarajia mama aulize mwanawe wa kiume: hiyo saratani inapimwa wapi? Ilibidi nitafute. Niliyoyapata nakuachia hapa. Karibu visa vyote huletwa na kirusi kinachoitwa HPV, ambacho husambazwa kwa ngono. Kinachukua miaka mingi kabla kigeuke saratani, na ndiyo maana kipimo kinasaidia: dalili za mapema zikipatikana zinatibiwa kabla hazijafika popote. Hapa Kenya ndiyo saratani inayoua wanawake wengi zaidi. Wanaohimizwa sana kupimwa ni wenye miaka 25 hadi 49, ila mathe amepita hapo na bado niliambiwa aende tu, amwone daktari. Kipimo kimoja kinatumia siki, ile ya kawaida iliyopunguzwa makali, dakika chache umemaliza. Anzia hospitali ya rufaa ya kaunti Busia mjini, ama kituo cha afya kilicho karibu na wewe, uulize siku zao.

Alafu kuna chanjo. Serikali ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 mwezi wa Oktoba 2019, na sasa ni wa 10 hadi 14. Ni bure kwa hospitali za umma. Ukiwa na dada mdogo wa umri huo, uliza nyumbani kama alishapata.

Mathe alienda kupimwa Machi 2023. Alikuwa sawa. Alirudi na mkungu wa ndizi kutoka Sofia na hakutaka tuliongelee tena.